Nywele za Baba Nirmoh

Deveshwari aliingia Rishikesh akiwa amepakata kijungu cha shaba kilichofungwa kitambaa chekundu, na jambo la kwanza alilofanya aliposhuka basi ni kuziba pua. Mavi ya ng'ombe, moshi wa pikipiki, mafuta ya kukaangia yaliyochakaa, na juu ya vyote hivyo udi, udi kila mlango, utadhani mji mzima una kitu unachokificha.

"Tumefika, mama," alikiambia kijungu kwa sauti ya chini. "Sasa tunatembea kidogo, halafu tunavuka daraja."

Kwao ndivyo wanavyofanya. Anayebeba mifupa ya marehemu kuipeleka mto Ganga humwarifu njia nzima, sasa tunapanda basi, sasa nakunywa maji, sasa tunapita karibu na kwa shangazi, asije akapotea njiani. Tangu alfajiri, kwa saa tano za kona za milimani, Deveshwari hakunyamaza. Dereva alipochoka kumsikiliza alimuuliza mama anauonaje uendeshaji wake, na Deveshwari akamjibu bila kucheka kwamba mama anasema apunguze mwendo. Dereva akapunguza.

Hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu mama akate roho. Hakuwa ameomba makubwa. Aliomba Vachaspati, mwanawe wa pekee wa kiume, anyolewe kichwa kama wanavyonyolewa wana waliofiwa, aingie mtoni, ammwage kwa mkono wake. Basi. Na Vachaspati, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani miaka kumi na miwili, hakuja hata kuwasha moto wa kumchomea. Aliandika ujumbe kwamba ana wanafunzi ishirini na wawili waliotoka mbali na hawezi kuwaacha, na moto ukawashwa na mtoto wa baba mdogo, huku wanakijiji wakitazamana pembeni. Kunyolewa ni siku ya kumi, na siku ya kumi ilikuwa kesho. Ndiyo maana Deveshwari alikuwa amefunga safari. Ikiwa mwana haendi kwa mama, basi mama atapelekwa kwa mwana, na tuone atakimbilia wapi.

Kwenye daraja la kuning'inia alisukumwa na pikipiki mbili, ng'ombe mmoja na kundi la vijana wa Delhi waliovaa kaptura na maboya ya kifuani, kila mmoja na chupa aliyoifunga gazeti. Katika mji huu mtakatifu haliuzwi hata yai, lakini bia inavuka daraja ikiwa imevalishwa habari za jana. Mmoja alipiga mbinja akitazama boti za mpira zilizokuwa zikishuka chini, watu wakipiga makasia na kelele, na mwenzake akatemea mtoni. Akatemea mtoni, mbele ya macho yake, kama mtu anayetemea kwenye mtaro. Deveshwari alikikumbatia kijungu kwa mikono miwili.

"Tunavuka, mama. Usiangalie chini."

Na kila penye ukuta palikuwa na uso wa mdogo wake. Uso ule ule aliokuwa akiufuta makamasi, sasa umetulia na kufumba macho, nywele zilizosokotana zikimshuka mpaka kiunoni, na maandishi chini yake: Baba Nirmoh, siku ishirini na moja uwe mwalimu wa yoga. Nirmoh ni mtu asiyeshikamana tena na kitu chochote cha dunia. Mama yao, ambaye hakujua kusoma, aliwahi kuletewa karatasi moja ya namna hiyo, akaiangalia sana, akauliza kwa nini mtoto hachani nywele.

Alimkuta uani kwake, amevaa shuka la rangi ya machungwa, anafundisha kupumua. Alipomwona dada yake alikatiza pumzi za wanafunzi wote, akaja, akainama akamgusa miguu, na Deveshwari, kwa mazoea ya miaka hamsini na miwili, akamwekea kiganja kichwani kumbariki. Nywele zilikuwa ngumu na zilinuka kafuri. Vachaspati alipoinuka machozi yalikuwa yanamtiririka, machozi mazuri, yanayoshuka moja moja, na Deveshwari angeyaamini kama asingeona kwamba nyuma yake yupo mwanamke Mjerumani, aliyejiita Shanti, ameinua simu anampiga picha.

"Mwambie ashushe kitu hicho," Deveshwari alisema.

"Dada, hana nia mbaya. Anaona upendo."

"Mimi naona simu."

Kijungu cha mifupa hakiingizwi ndani ya nyumba wala hakiwekwi chini. Uani palikuwa na mpipali mkubwa, mti mtakatifu wa kwao, kwa hiyo Deveshwari akakitundika kwenye tawi lake, akamwambia mama apumzike hapo, kesho asubuhi watashuka mtoni. Kisha akamgeukia mdogo wake na kumweleza mambo yote kwa mpangilio, kama alivyozoea kuwaeleza watoto wa darasa la pili kule shuleni kwake. Kesho alfajiri, saa kumi na moja, kwenye ngazi za mto. Kinyozi kwanza, kuoga, dua za pandit, halafu mama. Jua likifika utosini muda umekwisha.

Vachaspati alimsikiliza akiwa ameinamisha shingo. Akasema atakuja, kwa nini asije. Ila hilo la kunyoa, akasema, ni mambo ya nje tu, na siku hizi wengi wanakata kishungi kimoja nyuma na maandiko yanaruhusu.

"Maandiko yapi?" Deveshwari aliuliza. "Yale ya ukutani?"

"Dada, watu hawa wote wamekuja kwa ajili ya..."

"Malizia. Kwa ajili ya nywele?"

Alisema tutaona, akarudi kwenye pumzi zake.

Deveshwari alipewa chumba lakini alikataa kulala mbali na mpipali. Alitandika mkeka wake barazani, akawasha jiko lake dogo la makaa na kupika wali na dengu bila chumvi wala manjano, chakula cha mfiwa. Alipoinua macho kutoka kwenye sufuria, Shanti na wenzake sita walikuwa wameketi chini ya mpipali, mikono magotini, nyuso zimeelekea kijungu. Mmoja alisimama, akaukumbatia mti, akashikamanisha shavu. Mwingine alivua shanga za shingoni akazining'iniza kwenye kitambaa chekundu, na wote wakaanza kuimba jina la Mama kwa matamshi yaliyovunjikavunjika.

Alimuuliza kijana wa jikoni kulikoni. Akaambiwa Baba amewaeleza wageni kwamba ndani ya kijungu mna nguvu ya Mama wa ulimwengu, na atakayekaa karibu nayo ataponywa.

Deveshwari aliuangalia wali wake na hakuweza kuula. Ndani ya kijungu mlikuwa na mwanamke aliyekuwa na miguu mibovu, aliyependa ugoro, aliyemtukana mbuzi wake kila asubuhi kwa majina ya ndugu wa mume. Mlikuwa na meno yake matatu. Wamemgeuza dawa, na aliyemgeuza ni mtoto wake wa kumzaa. Alikwenda, akazitoa zile shanga kwenye kitambaa, akamrudishia mwenyewe mkononi, akaketi pale pale chini ya mti katikati yao akiwa amekunja uso mpaka wakainuka mmoja mmoja.

Alasiri alimwachia kijana wa jikoni kazi ya kulinda kijungu, akashuka ngazini kupatana na kinyozi.

Alikuwepo mmoja tu, mzee mkavu aliyeitwa Ratiram, ameketi kwenye kigoda chini ya mwavuli uliotoboka, mbele yake mtoto wa mtu fulani anamaliza kunyolewa, ametoa macho kama aliyepigwa na baridi. Nywele zilianguka juu ya gunia. Ratiram alikuwa na maneno mengi. Alimwambia Deveshwari kwamba kichwa cha mfiwa hakinyolewi kwa haraka, kwamba wembe wake ni mpya kila kichwa, kwamba baba yake na babu yake walinyoa hapa hapa. Deveshwari akamwambia anamtaka kesho alfajiri, kwa ajili ya mdogo wake.

"Ni nani huyo, binti?"

"Vachaspati. Nyinyi mnamwita Baba Nirmoh."

Ratiram aliacha wembe hewani. Kisha akacheka, akajaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani.

"Nimnyoe nini?"

Deveshwari alidhani mzee ana dharau, akamuuliza kama amekunywa. Mzee akajifuta macho, akaangalia huku na huku, akasema yeye hasemi kitu, ana familia, na Baba ni mteja wake. Deveshwari hakuondoka. Aliketi kwenye ngazi, akakunja mikono, akamtazama jinsi anavyomtazama mtoto aliyeiba chaki. Mteja akaondoka na kichwa chake cheupe, wakabaki wawili, na Ratiram akashindwa.

"Kumbe hujui? Wewe dada yake wa damu?" alisema. "Yule hana nywele, binti. Hana hata za kutosha kuficha kovu. Ziliisha zote mwaka ule alipofika mjini hapa. Mimi ndiye ninayemshonea."

"Unamshonea nini?"

Mzee alilivuta gunia lililokuwa chini ya miguu yake, akalifunua mdomo. Lilikuwa limejaa mpaka juu. Nywele nyeusi, za mvi, za kahawia, za wana waliofiwa na mama, wana waliofiwa na baba, zimeshikamana kwa mafuta na jasho. Akaeleza, na sasa fundi ndani yake alikuwa ameamka na hakuona aibu tena, kwamba nywele za wanaume ni fupi lakini ukizichanganya na gundi ya mti na majivu, ukazisokota zikiwa mbichi, zinashikana kama kamba. Kila mwezi Baba huleta kofia yake ya nywele kutengenezwa. Amekuwa akifanya hivyo mwaka wa saba huu.

Ni lazima mtu awe amezaliwa huku ili ajue alichosikia Deveshwari. Nywele za msiba hazishikwi. Uchafu wote wa kifo, na dhambi za mtu mwenyewe juu yake, hukaa kwenye nywele, ndiyo maana hunyolewa zikaachwa mtoni, na anayezikanyaga kwa bahati mbaya huoga. Hata mbwa wa pale ngazini wanazikwepa. Na mdogo wake, mtoto wa nyumba ambayo mama alioga kabla ya kugusa unga, alikuwa amejivika kichwani misiba ya watu mia nne, akawapa wageni waibusu. Na yeye jana, hapana, leo, saa sita zilizopita, alikuwa amemwekea mkono juu ya hicho kitu akimbariki.

Alifika ukingoni mwa maji akatapika maji ya njano tu, kwa kuwa hakuwa amekula. Kisha akachota mchanga akaanza kusugua kiganja. Alisugua, akasuuza, akasugua, mpaka Ratiram akamwambia binti, ngozi haina kosa.

Alimkuta Vachaspati chumbani mwake, peke yake, akihesabu vyeti vya wanafunzi na kuvitia saini. Deveshwari alifunga mlango kwa mguu.

"Vua," alisema.

Vachaspati alimwangalia, na alipoona kiganja chake chekundu kilichochunika alielewa. Aliingiza vidole nyuma ya masikio, akabandua gundi, akaiweka ile kofia ya nywele mezani juu ya vyeti, na ikabaki pale kama mnyama aliyegongwa na gari. Kilichobaki juu ya mabega kilikuwa kichwa cha baba yao. Kichwa kile kile kirefu, kinachong'aa, chenye masikio yaliyosimama, na juu ya sikio la kushoto lile bonde la siku alipoanguka kutoka kwenye mwaprikoti akiwa na miaka mitano. Yeye Deveshwari ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, damu ikimwingia shingoni. Hasira ilimlegea ghafla, hakupenda, lakini ilimlegea.

"Mbona kichwa chako kizuri," alisema.

"Bila nywele mimi ni karani wa posta, dada." Sauti yake ilikuwa imerudi ya nyumbani, ya milimani, ile asiyoitumia mbele ya wageni. "Nilianza nikiwa hivi. Nilifundisha miaka minne, nafundisha vizuri, muulize yeyote. Hakuna aliyebaki. Siku niliyovaa hizi walijaa uani."

"Na mama? Ulimkosesha moto kwa sababu ya hii takataka?"

"Ningekuja wangeninyoa mbele ya kijiji kizima. Ningelazimika kuivua hii. Kila mtu ana simu. Ingefika hapa kabla ya majivu kupoa."

Deveshwari aliketi kwenye kiti cha wanafunzi. Aliona jambo lenyewe lilivyo dogo, na udogo wake ndio uliomchukiza zaidi. Mtu anaweza kumkosa mama yake kwa vita, kwa jela, kwa bahari. Huyu alimkosa kwa upara.

"Sikiliza, Vachu," alisema, na lilikuwa jina la utotoni. "Mama hakuomba nywele. Aliomba kichwa kitupu na mkono wako. Kichwa unacho tayari, Mungu amekunyoa mwenyewe bure. Ratiram atapitisha wembe hivyo hivyo kwa heshima. Jitande shuka, alfajiri hakuna wageni walioamka. Njoo hivyo ulivyo. Nami sitasema neno kwa mtu mpaka nife."

Vachaspati alilia, na mara hii machozi yalikuwa mabaya, yana makamasi. Akasema atakuja. Akaapa kwa mama. Deveshwari akatoka, akauegemea mpipali, akakiambia kijungu kwamba mambo yamenyooka, anakuja kesho, na anafanana na baba kupita kiasi.

Saa kumi na moja alikuwa ngazini. Pandit alikuwepo na majani yake na ufuta wake mweusi, Ratiram alikuwepo na wembe mpya. Kijungu alikipakata. Saa kumi na mbili jua liligusa kilele cha mlima wa ng'ambo. Saa moja walikuja waogaji, saa mbili wakaja nyani na kuiba ndizi za pandit. Deveshwari hakuwa akimwangalia mtu. Alimwambia mama kwamba anachelewa kidogo, unamjua mwanao.

Saa tatu alikuja kijana wa jikoni na karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Dada, leo ni siku ya wanafunzi ya mto, ilipangwa tangu mwanzo na nisipokwenda nao wataniuliza sababu. Tunashuka na boti tukipita hapo hapo ulipo kabla ya saa sita. Nitawaambia watie nanga. Watapenda kuona. Nitakata kishungi kimoja mbele yao na tutammwaga Mama pamoja sote.

Aliisoma mara mbili. Pamoja sote. Alimwona Shanti akiinua simu. Aliziona shanga, mikono ishirini na miwili ya watu wasiomjua mama ikichovya ndani ya kijungu, kila mmoja akitaka kipande cha kuponea, na Vachaspati katikati, akikata kishungi cha wafiwa wengine kumwagia marehemu wake. 

Alikitundika kijungu kwenye kulabu ya mwavuli wa Ratiram, akaketi kwenye kigoda, akaushusha msuko wake mgongoni. Ulikuwa mrefu, umeanza mvi kuanzia katikati, na mama ndiye aliyeusuka mara ya mwisho, siku tatu kabla ya kufa, kwa vidole visivyofunga sawasawa.

"Ninyoe," alisema.

Ratiram alimwangalia pandit. Pandit akakohoa, akasema hilo haliko, mwanamke hanyolewi kwa ajili ya mama yake, hiyo ni kazi ya mwana, tusubiri kidogo, mwana ameahidi.

"Jua litafika utosini saa ngapi, pandit?"

"Saa sita kasoro."

"Na hapa unamwona mwana mwingine?"

Pandit alitazama mto kwenda juu, akatazama chini. Akaanza kupanga upya majani yake.

Wembe ulikuwa baridi. Ratiram alinyoa bila maneno, kwa mara ya kwanza labda katika maisha yake. Nywele zilianguka juu ya gunia. Upepo wa mto ulipompiga kichwani Deveshwari alishtuka jinsi kichwa kinavyosikia, alikuwa hajawahi kujua. Akaoga na nguo zake, akatoka, akakichukua kijungu, akaingia tena majini mpaka kiunoni, baridi ikamkata pumzi. Pandit alisoma kutoka ukingoni. Deveshwari alipoulizwa jina la mtoto wa marehemu alitaja la kwake.

"Tumefika, mama," alisema. "Hapa ndipo."

Alifungua kitambaa. Wakati huo huo alisikia kelele kutoka juu, makasia, mtu anayehesabu moja, mbili, moja, mbili. Boti mbili za mpira zilijitokeza kwenye kona, buluu, zimejaa watu wenye maboya na kofia ngumu, na mbele ya boti ya kwanza aliketi mdogo wake, kofia nyekundu kichwani, ile misokoto imeminywa chini yake ikichungulia mabegani.

Deveshwari hakungoja, wala hakuharakisha. Aliinamisha kijungu. Majivu yalitoka kwanza kama moshi, kisha mifupa, vipande vyeupe vidogo, kisha meno. Mto uliyachukua ukayapeleka katikati, kwenye mkondo, moja kwa moja mbele ya zile boti. Wanafunzi walimwona, mwanamke mwenye upara amesimama majini, wakashangilia na kuinua simu. Shanti aliinama, akachota maji kwa mikono miwili, akajimwagia usoni akicheka, akamrushia jirani yake. Boti nzima wakaanza kurushiana maji.

Ni mmoja tu kati yao aliyejua maji yale yamebeba nini. Vachaspati alikitazama kichwa cha dada yake. Kasia lilimlegea mkononi. Walikuwa karibu kiasi kwamba Deveshwari aliona mkono wake wa kuume ukipanda taratibu mpaka chini ya kidevu, kwenye ukanda wa kofia. Vua, alisema ndani kwa ndani, vua tu, hata sasa hujachelewa, mama bado yuko hapa, yuko chini yako.

Vachaspati aliushika ukanda, akaukaza. Kisha akageuza uso, akapaza sauti kwa lugha ya wageni, na makasia yote yakaanza kuvuta. Boti zilipita juu ya mama yake zikaingia chini ya daraja.

Deveshwari alibaki majini mpaka mawimbi yao yalipokwisha kumpiga. Akakiosha kijungu, akakitumbukiza nacho, akatoka. Pandit alimwambia kwamba yote yamekamilika na yamepokelewa. Deveshwari akamshukuru, akamgusa miguu, akajifunga kichwa kwa kile kitambaa chekundu.

Ratiram alikuwa ameinamia gunia lake. Msuko wa Deveshwari ulikuwa bado juu, haujachanganyika na nywele nyingine, na mzee alikuwa akiuzunguka kwa macho bila kuugusa, kama mtu mwenye adabu mbele ya chakula. Alisema kwamba ni nywele ndefu, si kawaida kupata za namna hii pale, lakini kama binti anataka kuzitupa mtoni, ni haki yake.

Deveshwari aliutazama msuko. Kwenye ncha bado palikuwa na kijiuzi cha kijani alichokifunga mama.

"Mpelekee Vachaspati," alisema. "Mshonee kwenye zile nyingine, pale mbele, zionekane."

"Zako, binti?"

"Amebeba misiba ya watu wote wa mji huu. Na huu wa mama yake auvae."

Akachukua mkeka wake, akapanda ngazi kuelekea kituo cha basi. Kwenye daraja alisukumwa tena na pikipiki, na kwa mazoea alifungua mdomo kumwambia mama kwamba wanavuka.